Nimepata nafasi kwa seti ya filamu ya Wazungu, nibaki ama nirudi kwa harusi?

BintiWaUmoja: Habari zenu wadau. Naomba ushauri, tafadhali msinicheke maana wiki mbili sasa usingizi umenikataa. Nina miaka 24, napiga video za harusi na mazishi na filamu za Riverwood (zile za bei nafuu za hapa Nairobi) kwa bosi mmoja pale River Road tangu nimalize shule. Sasa kuna kampuni ya ng'ambo inapiga filamu upande wa Naivasha, wamenichukua niwe mwanafunzi wa idara ya kamera, na hii ndiyo kitu nimeombea toka utotoni. Shida ni bosi, anasema nichague kabla harusi za Agosti zianze. Nifanye nini jameni?

Karani_Kawangware: Kabla ya bosi, hao wageni wanakulipa ngapi?

BintiWaUmoja: Kuna posho. Lakini swali si pesa, ni vile nitaongea na bosi bila kukosana.

MzeeWaSetibuku: Binti yangu, usikimbilie pesa. Sisi tulizunguka shule na maigizo ya setibuku, vile vitabu vya fasihi vya mtihani, Machakos asubuhi, Thika mchana, tunalala ndani ya matatu juu ya magunia ya mavazi, na hakuna aliyeuliza posho. Na tulijua vile milango inafungwa. 1976 mchezo wa waandishi Ngugi na Micere Mugo kuhusu Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, ulibanwa kwa siku chache tu pale Kenya National Theatre kwa sababu maonyesho ya Wazungu yalikuwa yameshashika kalenda, na hapo tayari tuna uhuru miaka 13! Kwa hivyo ukifunguliwa mlango, ingia.

MamaWaMapacha: Mzee umenikumbusha drama festivo, yale mashindano ya maigizo ya shule, mimi nilikuwa Malkia, taji la karatasi likaanguka mbele ya majaji. Dada, umeolewa? Naivasha ni mbali.

FundiLenzi: Mwenye uzi hajajibu. Posho ngapi, inaingia lini, na umesaini nini? Nimefanya kazi za kamera miaka mingi, mtu akisema "kuna posho" bila namba najua hakuna kitu.

BintiWaUmoja: Sawa, nisiwafiche. Posho haijaingia, walisema itakuja mbeleni. Lakini siku ya kwanza nilipewa fomu kama nne hivi, moja ya kujaza rangi na asili yangu, na ingine inasema mimi ni mwanafunzi wa kamera *anayelipwa*. Nikasaini. Na bosi… nilishamwambia naondoka. Lakini mnielewe, hata Lupita Nyong'o, yule mwigizaji wetu, alianza kwa kutumwa tumwa kwa seti ya filamu ya kigeni iliyopigwa hapa hapa Kenya, na 2014 akabeba Oscar.

Karani_Kawangware: Lupita baba yake ni profesa na mwanasiasa. Wewe kodi ya Umoja nani atalipa?

FundiLenzi: Sasa ndio umetuambia kitu. 2015 na 2016 waigizaji wote 20 walioteuliwa Oscar walikuwa Wazungu, watu wakapiga kelele, na 2020 waandaaji wa tuzo wakatangaza vigezo. Kuanzia tuzo za 2024 filamu ikitaka kushindania Filamu Bora lazima itimize vigezo 2 kati ya 4, na kimojawapo kinahusu kuwapa watu wa jamii zilizoachwa nje mafunzo ya kazi YENYE MALIPO. Siwezi kusema hao wako wanaitumia fomu kwa hilo, sijaiona. Lakini sahihi yako inasema unalipwa, M-Pesa yako inasema hapana. Uliza karatasi hiyo inapelekwa wapi. Seti moja niliyofanya, kila mkuu wa idara alishuka na ndege, sisi wenyeji tukawa madereva na wabebaji, na mtu wa kwanza kukata tamaa alikuwa yule asiye na nauli ya kesho. Kipaji alikuwa nacho.

Shahidi_Kimya: Mimi naona hii ni hekaya. Akaunti ina siku tatu, mara bosi, mara fomu za rangi, mara Oscar. Hakuna filamu inapigwa Naivasha. Mtu anatafuta mada.

MamaWaMapacha: Na mimi nilishuku!! Mbona hasemi jina la kampuni?

BintiWaUmoja: Jina siwezi, nilisaini pia la kunyamaza. Akaunti ni mpya sababu ile ya zamani bosi anaijua. Kama ni hekaya basi niambieni kwa nini nina tepu za rangi nne kiunoni. Kila mwigizaji ana rangi yake, unakata vipande viwili unaviunga kama herufi T, unabandika kwa sakafu pale miguu yake itasimama, ili mtu wa fokasi, yule anayehakikisha picha haina ukungu, apime umbali. Nilijifunza kwa kuangalia tu, nikiwa nimebeba chupa ya chai, juu kazi yangu nyingi ni chai.

FundiLenzi: Huyu ameingia seti. Tuachane na mambo ya hekaya.

MzeeWaSetibuku: Binti, nilisema uingie, sikujua umeandikwa unalipwa na hulipwi. Hapo hapana. Mimi nilijitolea nikijua najitolea.

FundiLenzi: Mambo haya yanaweza kufanywa vizuri. Nairobi Half Life ya 2012 ilitokana na warsha za One Fine Day, kampuni ya filamu ya Wajerumani, walikuja kufundisha na vijana wa hapa wakashika kazi nyingi, hata mwongozaji alikuwa wa hapa. Jumatatu omba nakala ya kila fomu uliyosaini, kwa maandishi, kwa heshima. Uliza posho ni ngapi na tarehe gani. Bosi mpigie leo, mwombe harusi za Jumamosi tu. Na uandike siku zote ulizofika na ulichofanya kila siku.

BintiWaUmoja: Asante sana kaka. Bosi amepokea simu, amekubali Jumamosi, amenikaripia kwanza lakini amekubali. Nimekaa nikahesabu kwa daftari. Ni siku 11. Chai siku zote, tepu siku tano, klapa (kile kibao kinachogongwa kabla ya kupiga) nimeshika mara mbili, kamera yenyewe bado.