MikroTik: logi haziendi kwenye seva ya rsyslog

waya_mrefu
Wakuu, habari za kazi. Nina ruta ya MikroTik yenye RouterOS 7 (10.10.0.1) na seva ya Ubuntu yenye rsyslog, programu ya kupokea na kuhifadhi logi (10.10.0.5). Umeme ukikatika, logi zote za kwenye ruta zinafutika, na ndizo hizo ninazozihitaji kujua kilichotokea. Nimeandika hivi:

```
/system logging action set remote remote=10.10.0.5
/system logging add topics=info,warning,error action=remote
```

Nikipingi seva kutoka kwenye ruta inajibu, ila haijapokea hata mstari mmoja. Kosa liko wapi? Na nikiandika kwenye diski ya ruta yenyewe, haitoshi?

poti_514
Mkuu, kosa liko kwenye `topics`. Mada ukizipanga ndani ya kanuni moja, RouterOS inataka ujumbe uwe nazo zote kwa pamoja. Hakuna ujumbe ambao ni info, warning na error kwa wakati mmoja, kwa hiyo kanuni hiyo haishiki kitu. Ifute, uweke tatu:

```
/system logging add topics=info action=remote
/system logging add topics=warning action=remote
/system logging add topics=error action=remote
```

Mtu akikosea nywila ya kuingia kwenye ruta, ujumbe hutoka na mada system, error na critical, kwa hiyo kanuni ya error inaushika. Kama info inaleta kelele nyingi za DHCP (huduma inayogawia vifaa anwani za IP), andika `topics=info,!dhcp`. Ila fikiri kwanza: rekodi ya DHCP ndiyo inayokuambia anwani fulani ilikuwa kwa kifaa gani saa ngapi. Mimi nisingeiondoa.

Funga pia anwani ya kutumia:

```
/system logging action set remote src-address=10.10.0.1
```

Usipoiweka, ruta inachukua anwani ya upande pakiti inakotokea. Siku ukihamishia njia kwenye VPN, anwani inabadilika na kichujio cha seva hakiitambui tena.

Jaribu kwa `:log warning "jaribio"` huku kwenye seva unaangalia `sudo tcpdump -ni any udp port 514` (logi husafiri kwa UDP, poti 514). Pakiti ikionekana hapo, ruta imemaliza kazi yake. Tatizo litafutwe upande wa seva.

mlinzi_wa_seva
Na upande wa seva, pingi kujibu hakuthibitishi chochote. rsyslog ya Ubuntu haisikilizi UDP mpaka uiambie. Tengeneza `/etc/rsyslog.d/10-mikrotik.conf`:

```
module(load="imudp")
input(type="imudp" port="514")
if $fromhost-ip == "10.10.0.1" then {
  action(type="omfile" file="/var/log/mikrotik.log")
  stop
}
```

Namba 10 ina maana yake: faili husomwa kwa mpangilio wa majina, na hii lazima itangulie `50-default.conf`, la sivyo mistari ileile itaingia pia kwenye syslog ya kawaida. Kagua kwa `sudo rsyslogd -N1`, kisha `sudo systemctl restart rsyslog`. Kama ufw (fayawoli ya Ubuntu) imewashwa:

```
sudo ufw allow from 10.10.0.1 to any port 514 proto udp
```

Usiifungue kwa dunia nzima. UDP haina uthibitisho wowote, yeyote anaweza kukujazia logi za uongo. Na weka logrotate (inayozungusha faili za logi na kufuta za zamani) mapema, kabla diski haijajaa.

poti_514
Kuhusu diski ya ruta: iache kwa `critical` tu. Flash ya ruta ndogo ni chache na huchakaa kwa kuandikwa mfululizo. Angalia `/file print`. Ukiona folda iitwayo `flash`, basi `disk-file-name` ianze na `flash/`, maana kilicho nje yake kiko kwenye RAM na kinafutika umeme ukikatika. Nakala hiyo ina faida moja kubwa: ujumbe wa kwanza baada ya ruta kuwaka, ukiwemo ule wa kwamba ilizimika ghafla, unaweza kutoka kabla kiungo cha mtandao hakijawa tayari, na seva isiuone.

waya_mrefu
Asanteni sana, logi zinafika. Kwenye ruta yenyewe, umeme ukirudi, mistari ya mwanzo ina tarehe ya zamani. Na nikiwasha `log=yes` kwenye fayawoli, CPU inapanda hadi 100%.

mlinzi_wa_seva
Tarehe: ruta nyingi za MikroTik hazina betri ya saa. Weka NTP, ruta ichukue saa kutoka mtandaoni:

```
/system ntp client set enabled=yes servers=pool.ntp.org
/system clock set time-zone-name=Africa/Dar_es_Salaam
```

Mistari ya mwanzo itabaki na tarehe mbaya mpaka saa isawazishwe. Kwa hiyo fuata saa ya seva.

CPU: bila shaka umeweka `log=yes` kwenye kanuni ya `output` (pakiti zinazotoka kwenye ruta yenyewe) isiyo na kichujio. Kila mstari wa logi unatoka kama pakiti kwenda 10.10.0.5, pakiti hiyo nayo inaandikwa logi, inazaa nyingine, bila mwisho. Tanguliza kanuni ya kuruhusu UDP 514 kwenda kwenye seva bila logi, na kwingineko andika logi za `connection-state=new` peke yake, kila kanuni na `log-prefix` yake.