Togo 2010: walikimbia au walifanya la maana?

Kahawa Chungu
Asalaam aleykum jamaa. Jana barazani tumebishana mpaka muuza kahawa kabeba birika lake kaondoka. Suala lenyewe hili. Januari 8, 2010 basi la timu ya taifa ya Togo linatoka Congo linaingia Cabinda, Angola, kwenye mashindano ya Afrika, wale FLEC wanaotaka Cabinda ijitenge wakalimiminia risasi. Kafa kocha msaidizi Abalo Amelete, kafa na msemaji wa timu Stanislas Ocloo. Timu ikarudi kwao bila kucheza hata mechi moja. Je, ilikua haki kuondoka, au wangebaki wacheze? Mie nnasema wameondoka sawa. Karibuni, matusi hapana.

Mzee wa Ndondo
Wangebaki. Munich 1972 wameuliwa Waisraeli 11 na Olimpiki haikuvunjwa, ilisimama kidogo tu ikaendelea. Iraq 2007 kwenye kombe la Asia, wametoka kushinda nusu fainali na Korea, huko Baghdad mabomu yakaua mashabiki waliokua mitaani wakisherehekea, watu kama 50 hivi. Wamefanya nini? Wameingia fainali wakamfunga Saudia moja bila, Younis Mahmoud kwa kichwa. Togo uoga tu. Sie Zanzibar vita hatujaviona lakini wangekua Heroes, timu yetu ya taifa, wallahi wangecheza na bendeji kichwani.

Mwana wa Wete
Vita hatujaviona "sie" nani? Sema nyinyi wa mjini. Januari 2001 weye ulikua wapi sheikh?

Mzee wa Ndondo
Nilikua Amaan naangalia mpira. Kwani 2001 ilikua vita? Ile ilikua siasa.

Kipa Mstaafu
Mzee mie nimekaa golini miaka kumi na moja, timu za daraja la chini huku Unguja, kwa hiyo hili neno uoga limenichoma. Mule basini alikuwamo kipa anaitwa Kodjovi Obilale. Si Adebayor nahodha wao, Adebayor kila mtu anamjua. Huyu alikua kwenye kitimu kidogo tu huko Ufaransa. Kapigwa risasi, kakimbizwa Afrika Kusini kufanyiwa opresheni, kapona lakini mpira wake ukaishia pale pale kwenye siti ya basi. Na uelewe wale wachezaji wenyewe walishageuza nia, wakasema tutabaki tucheze kwa ajili ya marehemu, serikali yao ndo ikakataa ikawarudisha. Sasa mwoga nani hapo?

Kahawa Chungu
Na kumbuka Iraq nusu fainali ile walikua wanacheza Kuala Lumpur, fainali Jakarta. Bomu liko Baghdad, wao wako Malaysia. Si sawa na risasi inayopita kwenye kioo chako.

Mzee wa Ndondo
Kipa miaka kumi na moja daraja la chini, ndo unajitapa nayo?

Kipa Mstaafu
Hahaa basi yote niliyoandika umeona hilo tu.

Mwana wa Wete
Mie bado sijajibiwa. "Ile ilikua siasa." Tarehe 27 Januari 2001 watu wamepigwa risasi hapa Pemba kwenye maandamano, waliobaki wakapanda mashua usiku wakavuka mpaka Shimoni, Kenya, zaidi ya watu elfu mbili. Kaka yangu mkubwa alikua winga, akipiga krosi watu wa Jadida wanasimama. Kavuka na wenziwe watatu wa timu moja. Karudi baada ya muafaka wa CCM na CUF, viatu vyake mama kamuwekea uvunguni mpaka vikaota ukungu, hakuvigusa. Ukimwita twende uwanjani anasema mgongo unaniuma. Mgongo haukuwahi kumuuma yule.

Mzee wa Ndondo
Mungu amjaalie kheri kakaako. Lakini usiuingize uzi wa mpira kwenye mambo ya Unguja na Pemba, ndo mtindo wenu kila siku.

Mwana wa Wete
"Wenu"?? Haya. Na Januari 2025 Heroes walipompiga Burkina Faso mbili moja fainali ya Mapinduzi, uwanja gani? Gombani, huku Pemba. Siku hiyo ilikua "yetu sote".

Binti Malindi
Nyie wanaume mtagombana mpaka alfajiri. Mbona hamna hata mmoja aliyemtaja Samia Yusuf Omar? Msomali, kakimbia mita 200 Beijing 2008, kawa wa mwisho, sekunde 32 na ushei, uwanja mzima ukamshangilia. Mwanamke kufanya mazoezi ya mbio Mogadishu wakati ule si mchezo. 2012 kazama bahari ya kati akitokea Libya, anatafuta pa kufanyia mazoezi ili afike London. Huyu nae mwambieni mwoga.

Dereva wa Bububu
Dada huyo si mambo ya ugaidi huyo ni mhamiaji.

Binti Malindi
Ahsante kwa kunifundisha. Kahama kwa sababu ya kitu gani, joto?

Dereva wa Bububu
Mie nimesema tu. Anyway suluhu ya yote haya ni Drogba, yule wa Chelsea enzi zile. Yule kapiga magoti akasimamisha vita vya Ivory Coast, mchezaji mmoja! Wachezaji wetu wao ni kupiga picha na magari ya kukodi.

Kahawa Chungu
Hapa tunadanganyana jamani. Magoti kapiga Oktoba 2005, wametoka kumfunga Sudan 3-1 kule Omdurman wakafuzu kombe la dunia, kachukua maikrofoni wamo chumba cha kubadilishia nguo, kawaomba watu waweke silaha chini. Jambo kubwa, silikatai. Lakini mkataba wa amani umesainiwa Ouagadougou Machi 2007, na ile mechi na Madagascar iliyochezwa Bouaké, mji wa waasi, tano bila, ni Juni. Mpira ulikuja kula pilau ya harusi iliyokwishafungwa. Na baada ya uchaguzi wa 2010 wakapigana tena, Drogba yupo, magoti yapo.

Dereva wa Bububu
Yani ww unamchukia Drogba kwa sababu ww mwenyewe ni shabiki wa Arsenal.

Kahawa Chungu
Naam ni Arsenal, imeingiaje?

Mzee wa Ndondo
Mnaona sasa. Anajifanya mwanahistoria kumbe Drogba kamfunga sana.

Kipa Mstaafu
Turudi Togo tafadhali. Kwangu kilichokua kibaya kuliko vyote si kuondoka. CAF, shirikisho la mpira la Afrika, ile ya rais Hayatou, iliwafungia mashindano mawili yanayofuata, eti serikali imeingilia mpira. Watu wametoka kuzika!

Dereva wa Bububu
Si walifungiwa maisha?

Kipa Mstaafu
Hapana bwana, mashindano mawili. Na Mei hiyo hiyo 2010 wakafunguliwa, Blatter, rais wa FIFA wakati ule, kaingia kati. 2013 wamecheza wakafika robo fainali.

Mzee wa Ndondo
CAF waliwaambia timu zende kwa ndege, wao wakapanda basi. Mbona hilo husemi?

Kipa Mstaafu
Kwa hiyo aliyepanda basi ndo mkosa na aliyeshika bunduki hana neno.

Mzee wa Ndondo
Sikusema hivyo. Na tena mie sikumwita mtu mwoga, nimesema "uoga tu". Uoga ni hali inampata mtu yoyote, mwoga ndo tabia. Someni vizuri.

Binti Malindi
Na huo "uoga" wenyewe si Kiswahili sanifu. Ni woga. Wewe ndo wa kwanza kutusahihisha watu hapa kila siku.

Mzee wa Ndondo
Uoga upo kwenye kamusi.

Binti Malindi
Kamusi ipi, ya Bara?

Mwana wa Wete
Huku kwetu twasema kicho, mmalizane.

Mzee wa Ndondo
Haya woga, woga, woga! Mmeridhika?

Kipa Mstaafu
Tumeridhika. Sasa nijibu la Obilale.

Mzee wa Ndondo
Obilale ndo yupi tena, huyo winga wa Wete?