Je, sindano za Kichina zinafaa kwa mjamzito mwenye presha?

Mama Mtarajiwa:
Habari zenu wapendwa. Nina ujauzito wa miezi saba, na mara mbili mfululizo kliniki presha yangu imesoma 148/94 na 146/92, ilhali kabla ya hapo haikuwahi kunisumbua. Mkojo ulipimwa, haukukutwa na protini. Daktari ameniandikia methildopa na kunitaka nirudi kila wiki. Rafiki yangu ananihimiza nimwone mtaalamu wa akupancha, yaani tiba ya sindano za Kichina, ili niache vidonge, kwa kuwa naogopa kumeza dawa nikiwa na mtoto tumboni. Je, sindano hizo zinaweza kushika nafasi ya vidonge, na je, ni salama?

Mkunga, wodi ya wazazi:
Dada yangu, umefanya vyema kuuliza kabla hujaacha dawa, na nakuomba usiiache. Presha inayoanza baada ya wiki ya 20 haifanani na presha ya kawaida ya watu wazima, kwa sababu wakati wowote inaweza kugeuka ugonjwa unaotangulia kifafa cha mimba. Ugonjwa huo mara nyingi mizizi yake imo kwenye kondo la nyuma: mishipa ya mji wa mimba inayolilisha haikupanuka ipasavyo, kondo likakosa damu ya kutosha, nalo likamwaga kwenye damu ya mama kemikali zinazodhuru kuta za mishipa, figo, ini na hata ubongo. Sindano ya kwenye ngozi haifiki huko. Tena hata vidonge haviponyi ugonjwa huo. Kazi yake ni kuizuia presha isifike 160/110, kiwango ambacho mama anaweza kupata kiharusi, na hivyo kumpa mtoto muda wa kukua.

Methildopa imetumiwa na wajawazito kwa miongo mingi, na pamoja na labetaloli na nifedipini ni miongoni mwa dawa zinazochaguliwa kwanza katika ujauzito. Hofu yako naielewa, ila kinachomtishia mtoto hapa ni presha kuliko kidonge.

Msomaji wa tafiti:
Niongeze kuhusu ushahidi, maana akupancha ilipimwa kwa watu wenye presha wasio wajawazito. Utafiti mmoja wa Marekani uliotangazwa mwaka 2006 uliwalinganisha waliochomwa sindano halisi na waliochomwa za kuigiza, na haukuona tofauti ya maana. Mwingine wa Ujerumani, wa mwaka 2007, uliona presha ikishuka kidogo kwa waliopata sindano halisi, lakini miezi michache baada ya tiba kukoma nafuu hiyo haikuwapo tena. Kwa wajawazito wenye presha, majaribio ni machache na madogo mno kumjengea mtu uamuzi wa kuacha dawa.

Mtabibu wa akupancha:
Ninaifanya kazi hii, na namuunga mkono mkunga. Mjamzito mwenye presha simpokei badala ya kliniki yake; nampokea akiwa ameshaanza dawa, na daktari wake akijua. Ninachoweza kumsaidia ni maumivu ya mgongo au mawazo yanayomkosesha usingizi, na sitamwahidi kwamba namba za kipimo zitashuka.

Kuhusu usalama, mtabibu aliyesomea kazi hutumia sindano mpya zilizotakaswa na hamlazi chali mama mwenye mimba kubwa, bali humlaza ubavu, kwa sababu uzito wa mji wa mimba hubana mshipa mkuu unaorudisha damu moyoni. Kwa desturi ya taaluma yetu, mahali kama vidole vinne juu ya kifundo cha ndani cha mguu, na pale kati ya kidole gumba na cha shahada, tunapaepuka hadi wakati wa kujifungua. Akikuambia uache vidonge, ondoka. Tena, ugonjwa anaousema mkunga ukianza, chembe za kugandisha damu zinaweza kupungua. Hapo sindano hazifai kabisa, kwa sababu ya hatari ya kuvuja damu.

Mama Mtarajiwa:
Nawashukuru sana. Vidonge naendelea navyo, na habari ya sindano nitaizungumza na daktari kwanza. Nyumbani kuna mashine ya kupimia; niitumieje?

Mkunga, wodi ya wazazi:
Kaa kitako dakika tano bila kuzungumza, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga sakafu bila kukunjwa nne, mkono umewekwa juu ya meza usawa wa moyo, na mkanda uwe wa saizi ya mkono wako, kwani ukibana sana namba hupanda kwa uongo. Pima asubuhi na jioni, uandike, na daftari uje nalo kliniki. Namba ya juu ikifika 160 au ya chini 110, pumzika dakika 15 na upime tena; ikibaki hapo, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata iwe usiku wa manane. Fanya hivyo hivyo, hata kama mashine inasoma vizuri, ukipata kichwa kisichotulia, macho kuona vimulimuli, maumivu chini ya mbavu za kulia, uso kuvimba ghafla, au mtoto kupunguza kucheza. Usiache kujichunguza baada ya kujifungua, kwa kuwa kifafa hicho huweza kutokea hata mtoto akiwa tayari mikononi.