Herufi nene za mlazo kwenye kadi ya harusi: Times, Georgia au Playfair?

Kalamu_Nzito: Wakuu, salaam. Kamati imenitwisha kadi za harusi. Ya mchango itazunguka WhatsApp, ya mwaliko itachapwa. Majina ya maharusi nayataka kwa mlazo mnene, herufi zenye vikia kwenye ncha, siyo ule mwandiko wa madoido ambao wazee hawausomi. Nimebaki na fonti tatu: Times New Roman, Georgia na Playfair Display.

BintiChapa: Majina weka Playfair. Imefuata ladha ya karne ya 18, enzi za mchora herufi John Baskerville wa Uingereza: mstari mnene ni mnene kweli, mwembamba umekonda hasa. Ikilazwa, tofauti hiyo ndiyo inayoleta madaha. Ila iandike kubwa. Ukiipunguza, halafu ukaichapa kwa dhahabu juu ya karatasi yenye mikwaruzo, mistari myembamba inakatika.

Mzee wa Wino: Ya simu, Georgia. Matthew Carter aliichorea Microsoft miaka ya 1990, skrini zikiwa bado duni, kwa hiyo hata ikiwa ndogo inasomeka. Times ilitengenezewa gazeti la The Times la London, 1932, ili maneno mengi yaingie kwenye safu nyembamba. Mimi mlazo mnene wake naona una sura ya barua ya onyo kutoka ofisini.

Kalamu_Nzito: 😂 Na namba za mhazini?

BintiChapa: Hapo Times inawashinda wote. Tarakimu za Georgia na Playfair hupanda na kushuka: 3, 4, 5, 7 na 9 zinaning'inia chini ya mstari, 6 na 8 zinachomoza juu, sifuri inafanana na o. Tarehe ndani ya sentensi inapendeza, lakini namba ya kutumia pesa mtu anaikosea. Iandike kwa Times nene, wima.

Mtu wa Pwani: Kabla ya kuchapa, tazama herufi a. Kwenye mlazo halisi wa hizo fonti tatu inakuwa duara moja lenye mkia. Ukiona ni a ya kawaida iliyoinamishwa, kompyuta ya mchapaji haina faili la mlazo, programu imeilaza yenyewe. Mpelekee PDF yenye fonti ndani. Tena usijaze kadi nzima. Aldus Manutius wa Venice alipotoa vitabu kwa mlazo mwaka 1501, herufi zilikuwa nyepesi. Kukoza neno moja katikati ya maandishi ni mambo ya karne ya 19. Mlazo na unene kwa pamoja viwekee majina tu.

Kalamu_Nzito: Bwana harusi ukoo wake unaanza na Ng'w. Ile ritifaa je?

BintiChapa: Tumia iliyopinda, siyo kijiti kilichonyooka. Kisha ongeza nafasi kidogo kati yake na g, maana kwenye mlazo mnene hukaribiana sana.

Kalamu_Nzito: Sawa dada. Playfair majina, Times namba. Sampuli naipandisha hapa jioni.