Yule Lucas wa Stranger Things alitokaje?

KaoleMoja: Wakuu habari za jioni. Nina mdogo wangu kamaliza fom foo, yupo tu hapa Bagamoyo, akili yote ni kuigiza, kutwa yuko bichi anajirekodi na simu mpaka wavuvi wanamcheka. Sasa juzi kamaliza sirizi ya Stranger Things yote ndo haambiliki, eti yule Caleb McLaughlin aliyecheza Lucas alibahatika tu akiwa na miaka 14 na yeye anasubiri bahati yake. Mi mambo ya muvi sijui kitu, anayemfahamu huyu dogo anisaidie la kumjibu.

dunda_finest: Bahati gani mkuu 😂 Kabla Stranger Things haijatoka 2016 huyo alikuwa anapanda jukwaani Broadway, New York, alicheza Simba mdogo kwenye The Lion King, na pale sio muvi, pale unaimba unacheza unaongea laivu watu wamejaa mbele yako, ukikosea hakuna cha kata turudie. Yaani mwenzetu katokea kwenye jina la Kiswahili halafu sisi wenyewe tunasubiri bahati bichi.

MamaWawili: Hapo kwenye kuimba na kucheza ndo penyewe. 2017 kuna ile sirizi ya kundi la muziki la New Edition, kacheza mmoja wao, Ricky Bell wa utotoni, wangempa vipi kama miguu mizito? Ila mi nilimvulia kofia kwenye Concrete Cowboy, Netflix 2021, Idris Elba ndo babake. Dogo katoka Detroit kaletwa Philadelphia kwa baba ambaye anafuga farasi mjini kabisa, anaanza kwa kuzoa mavi ya farasi zizini. Humuoni Lucas kabisa pale.

sarakasi_bwm: Na sio kwamba alipofika ndo raha tupu, 2022 alisema mwenyewe mwanzoni kwenye kukutana na mashabiki kuna waliokuwa hawapangi foleni kwake sababu ni mweusi. Mtoto yule.

Mkuu KaoleMoja, TaSUBa, kile chuo cha sanaa, si ipo hapo hapo? Huyo dogo nahisi anaipita kila siku akienda kujirekodi. Ngoma, sarakasi, muziki, maigizo, vyote vinafundishwa.

Pangani_road: Tusidanganyane jamani, kule kuna mawakala na usaili wa maana, huku umalize chuo halafu uanze kujuana na waongozaji.

sarakasi_bwm: Sawa ila hata huyo mwongozaji ukijuana naye atakwambia onyesha. Utamuonyesha klipu za bichi?

KaoleMoja: Nimemsomea yote hapa, kanuna. Anasema yeye ni wa kamera, ngoma hachezi. Nikamwambia Simba mdogo alicheza, kimya. Haya wa TaSUBa, fomu zinatoka mwezi wa ngapi na ada ikoje?