Je, inafaa kubadilisha prosesa ya kompyuta ya mezani ya kizazi cha nne?

Mwanzisha mada

Habari zenu wakuu. Nina kompyuta ya mezani yenye prosesa ya Intel Core i3-4130, RAM ya GB 8 na diski ya kawaida ya HDD, na mazabodi yake (bodi kuu inayounganisha vifaa vyote) ni ya chipseti, yaani chipu ya kuratibu vifaa, ya H81. Naitumia kuandika nyaraka, kufungua kurasa nyingi za intaneti kwa wakati mmoja na kuhariri video fupi. Inachukua muda mrefu mno tangu niiwashe hadi itulie, na nikitaka kutoa video iliyokamilika hulazimika kuiacha na kushika kazi nyingine. Nimeelezwa kwamba Core i7-4790 iliyotumika inaingia kwenye soketi hiyohiyo. Je, niinunue, au nitakuwa natia fedha kwenye mashine iliyokwisha kupitwa na wakati?

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu, umetaja kero mbili, na sidhani kama zina chanzo kimoja. Kabla hujanunua chochote, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ufungue sehemu inayoonyesha utendaji wa mashine, kisha utazame mistari ya prosesa, RAM na diski wakati kompyuta inapowaka, na tena wakati inapotoa video. Kifaa kinachofika asilimia 100 na kubaki hapo huku vingine vikisubiri ndicho kinachokuchelewesha. Diski ya HDD husoma faili kubwa lililopangwa mfululizo kwa kasi ya kuridhisha, lakini Windows inapoanza husoma maelfu ya mafaili madogo yaliyotawanyika, na kila mara kichwa cha diski hulazimika kuhama. Hapo hata prosesa yenye nguvu kiasi gani itakaa ikingoja.

Mwanzisha mada

Ahsante sana. Nimefanya hivyo. Wakati wa kuwaka, diski imeganda kwenye asilimia 100 na prosesa haifiki hata nusu. Wakati wa kutoa video mambo yamegeuka: prosesa imejaa mwanzo hadi mwisho, diski karibu imelala, na RAM haijajaa katika hali zote mbili.

Mchangiaji wa pili

Basi kero ya kwanza itatibiwa na SSD ya SATA, yaani diski isiyo na kichwa kinachohama, inayochomekwa kwenye mlango wa SATA, wala si prosesa. Kwa upande wa video, i7-4790 itakusaidia kweli, kwa sababu i3-4130 ina kori (viini vya kufanyia kazi) mbili na nyuzi (kazi inazoweza kushika kwa pamoja) nne kwa kasi ya GHz 3.4, ilhali i7 hiyo ina kori nne na nyuzi nane, na kasi yake huanzia GHz 3.6 hadi kufikia GHz 4.0. Kuandika nyaraka hakutabadilika kwa kiasi utakachokiona kwa macho.

Ukiamua kuinunua, kuna jambo ambalo wengi hulisahau. Prosesa zote mbili ni za soketi ya LGA1150, lakini i7-4790 ilitoka mwaka 2014, baada ya mazabodi nyingi za H81 kuwa zimeshatengenezwa, kwa hiyo baadhi yake haziitambui mpaka BIOS, yaani programu iliyo ndani ya mazabodi inayoiwasha mashine, isasishwe. Tafuta orodha ya prosesa zinazokubalika kwenye tovuti ya mtengenezaji wa mazabodi yako, ulinganishe toleo la BIOS, na usasishe wakati i3 ingali mahali pake. Ukishaing'oa na mashine ikakataa kuwaka, itakubidi uirudishe kwanza. Pia i3 yako imekadiriwa wati 54 na i7 wati 84, hivyo feni ndogo iliyokuja na i3 isitumike tena. Futa pasta ya zamani ya kupitisha joto iliyo juu ya prosesa mpaka chuma king'ae, weka mpya kiasi cha punje ya njegere katikati, na ukaze feni kwa kufuata pembe zinazotazamana.

Mchangiaji wa tatu

Mimi natofautiana kidogo na mwenzangu. Windows 10 ilifikia mwisho wa msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inakubali rasmi prosesa za kizazi cha nane na kuendelea, pamoja na TPM 2.0, sehemu ya usalama ya kompyuta. Hiyo i7 ni ya kizazi cha nne kama i3 uliyonayo, kwa hiyo haikusogezi hata hatua moja. Tena, utakapobadilisha mazabodi, prosesa hiyo na RAM yako ya DDR3 zitabaki nyuma, wakati SSD utaihamishia kwenye mashine mpya. Nunua SSD sasa, na fedha ya i7 uiweke akiba.

Mchangiaji wa pili

Hoja ya Windows 11 naikubali kabisa, ingawa anayekubali kuhamia Linux bado atapata matumizi mazuri ya mashine hii kwa muda mrefu. Ndugu mwanzisha mada, jaribu kwanza jambo lisilo na gharama: ndani ya i3 yako mna Quick Sync, sehemu maalumu ya kubana video za muundo wa H.264. Kama programu yako ya kuhariri inaitambua, iwashe kwenye mipangilio ya kutoa video, kisha utoe video ileile na ulinganishe muda.

Mwanzisha mada

Nimeikuta, ilikuwa imezimwa. Video ileile sasa inatoka kwa muda mfupi zaidi, ingawa kwenye sehemu zenye maandishi yanayosogea bado inasitasita. Nitaagiza SSD, na i7 naiacha.

Mchangiaji wa kwanza

Vyema. SSD ikifika, ichomeke kwenye mojawapo ya milango miwili ya SATA yenye kasi ya Gb 6 kwa sekunde, kwa maana milango mingine ya H81 ni ya Gb 3.