Peugeot 504 inachemka ikipanda Mai Mahiu, fundi anataka ninunue rejeta mpya

Kijana_wa_504
Wadau habari zenu. Nina 504 saluni ya mzee, ile ya kabureta, injini ya 1971cc. Nikitoka Naivasha nikianza kupanda mlima wa Mai Mahiu nyuma ya malori na gia ya pili, geji ya joto inapanda mpaka kwa nyekundu, alafu nikifika juu barabara ikifunguka nikikimbia kidogo inarudi chini yenyewe. Siku hizi imeanza pia kwa jam ya Waiyaki Way. Fundi alitoa themostati, ile valvu inayofunga njia ya maji mpaka injini ipate moto, akatupa eti huku kwetu haina kazi, haikusaidia, sasa anasema rejeta imekufa. Maji naweka ya bomba tu. Ni rejeta kweli ama naliwa hela?

MzeeWaPijo
Usinunue kitu bado. Umesema mwenyewe ikikimbia inapoa, hiyo ni kusema rejeta ikipata upepo inafanya kazi. Rejeta iliyoziba ingekusumbua zaidi ukiwa mbio na mzigo. Sasa feni ya 504 si kama ya hizo gari zingine, injini ikiwa baridi haijashikwa, inazunguka bure bure. Maji yakipata moto kuna swichi kwa rejeta inapeleka umeme kwa kaboni ndogo inayogusa puli ya pampu ya maji, sumaku inavuta, feni inashika. Kaboni ikiisha feni bado utaiona inazunguka polepole na utadhani ni nzima, hapo ndio mafundi wa siku hizi wanapotelea.
Zima injini, chukua kipande cha waya kutoka positivu ya betri, gusa nacho pale waya wa kaboni unaingia. Ukisikia "tak" na feni ikakataa kuzungushwa kwa mkono, sumaku na kaboni ziko sawa, tafuta swichi au waya. Ikinyamaza, fungua kaboni uione.

Dereva Mstaafu Moshi
Mkuu, na hiyo themostati irudishe, usibishane. Bila hiyo asubuhi injini inachelewa kupata joto, petroli inakwenda na oili inachafuka, na kwenye kilima haikuokoi kama ulivyoona.
Halafu angalia kifuniko cha rejeta, ile raba yake ya ndani ikikauka haishiki presha. Hapo Limuru juu ya huo mlima ni zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, maji yaliyo wazi yanachemka kwenye digrii 93 hivi, hayafiki 100, presha ya kifuniko ndiyo inayoyazuia yasichemke mapema. Na maji ya bomba achana nayo, kama ni ya kisima chenye chumvi ndio kabisa, yanajenga magadi ndani na hedi ya 504, kile kifuniko cha juu cha injini, ni alumini, inaliwa. Weka kulanti, ile dawa ya rejeta, nusu kwa nusu na maji ya mvua uliyoyachuja au yale ya betri yasiyo na asidi.

Turbo_Kasarani
Mbona mnajisumbua, toa hiyo feni weka ya umeme ya Toyota, swichi kwa dashibodi, maisha yaendelee

MzeeWaPijo
Siku utasahau kuwasha hiyo swichi utakuja hapa kuuliza bei ya hedi. Na 504 slivu zake, ile mirija pistoni zinapopandia na kushukia, zinakaa ndani ya maji, zina sili chini, ukifungua hedi fundi akazungusha injini bila kuzibana slivu zinanyanyuka, maji yanaingia kwa oili. Gari ya mzee inatengenezwa ilivyokuja.

Kijana_wa_504
Mzee nimegusa waya, kimya. Tumefungua na kaboni imebaki kipande kama punje ya mahindi, haifiki hata kwa puli 😂 Fundi ameangalia kando. Themostati na kifuniko nimenunua Kirinyaga Road, kaboni ya 504 ndio kila duka wananicheka. Nifanye nini?

MzeeWaPijo
Chukua kaboni ya altaneta, ile mashine inayochaji betri, kaboni ile ndefu, isugue na msasa mpaka iteleze ndani ya tundu bila kukwama, springi yako ya zamani usiitupe. Ukimaliza jaza maji taratibu, hita ikiwa imefunguliwa ya moto na pua ya gari ikiangalia juu ili hewa itoke. Alafu panda nayo Mai Mahiu mchana, si usiku.